Maswali ninayoulizwa na ma-DBA: kujuana, jumuiya, na nani wa kumpigia saa nane usiku

Mimi ni DBA, yaani msimamizi wa kanzidata (hazina za data za kompyuta), Dar es Salaam tangu 2011. Nilianza na Oracle, nikapita kwenye MySQL, na miaka hii ninakula kwa PostgreSQL, zote programu za kuendesha kanzidata. Maswali yaliyo hapa chini yananijia kwa WhatsApp, kwenye korido za mikutano, na mara moja kwenye msiba, kaburi halijafukiwa. Nimechoka kuyajibu moja moja kwa ujumbe wa sauti, nikaona niyaandike. Nimeyaweka kwa mpangilio yanavyonijia kichwani.

Ni "kanzidata" au "hifadhidata"?

Yote mawili. Tanzania, kwenye hotuba na magazeti, utakuta zaidi kanzidata. Kenya wengi wanaandika hifadhidata. Mimi napenda kanzidata kwa sababu kanzi ni hazina, na kazi yetu ni kukaa mlangoni pa hazina ya watu wengine. Ofisini wote tunasema databesi, tusidanganyane.

Hiyo "kujenga mtandao wa kitaaluma" si koneksheni ileile kwa jina la suti?

Swali zuri, na wanaoliuliza huwa wameshaumizwa na koneksheni. Koneksheni tunayoijua mtaani ni mjomba aliye ofisi ya rasilimali watu, au shemeji anayejua nafasi kabla haijatangazwa. Hiyo inakuingiza ofisini. Siku diski inapojaa saa nane usiku, mjomba amelala, na hata akiamka hana la kukusaidia.

Ninachokizungumzia kinafanana zaidi na upatu. Unaweka, mwenzako anaweka, zamu yako inafika. Tofauti ni kwamba hapa hujui zamu yako itafika lini, na unachoweka ni jibu, au swali lililoulizwa vizuri, au saa mbili za Jumamosi. Mtu anayekuja mezani siku ya kupokea tu anajulikana haraka sana.

Wewe ulianzaje?

Kwa woga. Mwaka 2016 nilikuwa peke yangu zamu ya usiku kwenye kampuni ambayo sitaitaja. Seva kuu ya PostgreSQL, diski imefika asilimia 97 na inapanda. Nikatafuta nini kinakula nafasi, nikakuta saraka inaitwa pg_xlog, imejaa mafaili ya MB 16 kila moja, maelfu. Jina lina "log". Nikasema moyoni, haya si kumbukumbu za matukio tu? Kidole kilikuwa kwenye rm, amri ya kufuta.

Kilichoniokoa ni kwamba miaka miwili nyuma, kwenye mafunzo Arusha, nilikaa meza moja na dada mmoja wa Nairobi. Faili lake la CSV lilikuwa limeharibika herufi na nikamsaidia kulinyoosha wakati wengine wamekwenda chai. Tukabadilishana namba. Usiku ule nikampigia. Akapokea kwa sauti ya usingizi, akanisikiliza, akasema: "Kaka, usifute chochote humo. Andika SELECT kwenye pg_replication_slots, uniambie safu ya active inasemaje."

Ilisema f, yaani haitumiki. Kulikuwa na sloti ya seva ya pili iliyozimwa siku 19 kabla, na hakuna aliyekumbuka kuiondoa. PostgreSQL, kwa uaminifu wake, ilikuwa inamtunzia mgeni asiyekuja kila badiliko lililofanyika tangu aondoke. Tukaiondoa sloti, tukaendesha CHECKPOINT, na nafasi ikarudi mbele ya macho yangu. Ningefuta yale mafaili, ambayo ndiyo daftari la mabadiliko ya kanzidata, kesho yake ningekuwa naandika barua ya kujieleza, kama si ya kuacha kazi.

Baadaye nilikuja kujua kwamba kidole changu hakikuwa cha kwanza. Watu duniani kote walikuwa wanafuta saraka ile kwa kudanganywa na jina, hadi toleo la 10, mwaka 2017, wakaibadilisha ikawa pg_wal. Na tangu toleo la 13, mwaka 2020, kuna mpangilio wa max_slot_wal_keep_size unaoweka kikomo cha kile sloti inachoweza kushikilia. Vyote viwili vilitokana na watu kusema hadharani yaliyowakuta. Hapo ndipo nilipoelewa jumuiya inafanya kazi gani.

Jumuiya zipi zipo?

Inategemea unalisha mnyama gani.

PostgreSQL haina mwenye nayo. Ilitokana na mradi ulioanza Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986 chini ya Michael Stonebraker, ikachukua jina la sasa mwaka 1996, na tangu hapo inaendeshwa na wachangiaji waliotawanyika. Maana yake mlango uko wazi: unaweza kuuliza kwenye orodha yao ya barua pepe ya pgsql-general na ukajibiwa na Tom Lane, ambaye mkono wake umo ndani ya programu hiyo kwa zaidi ya miaka 25. Mara ya kwanza iliyonitokea nilipiga picha ya skrini.

Oracle wana vikundi vya watumiaji vya nchi na kanda. Kile cha Uingereza kimekuwapo tangu 1983. Watu wa MySQL na MariaDB ni ndugu waliogombana: Oracle ilipoimeza Sun mwaka 2010 iliikuta MySQL tumboni, lakini Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi, alikuwa ameshaondoka na kuanzisha MariaDB. Ukijifunza moja, kwenye mikutano ya nyingine hutakaa kama mgeni.

Watu wa SQL Server wana hadithi ambayo kila anayetaka kuanzisha kikundi aisikie. Chama chao kikubwa, PASS, kilianzishwa 1999, kikawa na matawi ya miji duniani na mkutano mkubwa wa kila mwaka Marekani. Mapato yake mengi yalitegemea mkutano huo. Korona ilipozuia watu kukusanyika, chama kikafunga shughuli Januari 2021. Zile siku za mafunzo ya bure za Jumamosi, SQLSaturday, zilizoanza Florida mwaka 2007, zimebaki hai, kwa sababu zilikuwa zinabebwa na watu wa miji husika waliokuwa tayari kukodi ukumbi na kununua maji.

Karibu zaidi na sisi: mifumo ya afya. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na mizizi yake ni ushirikiano wa Kenya na Indiana. DHIS2, ambayo takwimu za afya za nchi zetu nyingi zinapita humo, inakaa juu ya PostgreSQL na ina timu za HISP, mtandao unaoihudumia, Dar es Salaam, Kampala na Kigali. Vijana wanaotafuta "jumuiya ya kimataifa" wanasahau kwamba ofisi ya takwimu ya hospitali ya wilaya yao imeshaunganishwa nayo.

Na ramani. Agosti 2018 mkutano wa dunia wa programu huria za kijiografia, FOSS4G, ulifanyika hapahapa Dar, Ukumbi wa Mwalimu Nyerere. Watu wanaotengeneza PostGIS, ile nyongeza inayoifanya PostgreSQL ielewe mito na mipaka, walikuwa wanakunywa chai mahali unapofika kwa miguu kutoka Posta. Nilikutana na ma-DBA wa mji huu ambao hawakujua kama mkutano upo.

Swali zuri linaulizwaje? Mimi nikiuliza sijibiwi.

Nitumie ulichouliza, nami nitakuambia kwa nini. Karibu kila mara ni hiki:

"Wakuu, habari za jioni. Databesi iko slo sana tangu juzi, mwenye ujuzi anicheki inboksi, ni haraka."

Soma tena kama wewe ndiye unayeombwa. Databesi gani? Slo kwa nani? Na kwa nini inboksi, wakati watu 200 wangefaidika na jibu? Anayejua ana kazi zake. Akiona itabidi akuhoji kama polisi ndipo ajue shida yako, anapita.

Sasa huu hapa, ambao kijana mmoja wa Mwanza aliutuma kwenye kikundi chetu. Nimebadilisha namba kidogo:

"Wakuu, habari za jioni. PostgreSQL 14, Ubuntu 22.04, RAM GB 16. Jedwali la miamala lina mistari milioni 38. Milioni 20 kati ya hiyo tuliiingiza Jumanne kutoka mfumo wa zamani. Ripoti ya tawi moja kwa mwezi ilikuwa inachukua sekunde 2, tangu Jumanne inachukua dakika 6. Nimeambatisha EXPLAIN ANALYZE. Naona inakadiria mstari 1 lakini inapata 412,000, na inatumia Nested Loop. Nimewasha upya seva, haikusaidia. Swali langu: kwa nini makadirio yako mbali hivyo?"

EXPLAIN ANALYZE ni amri inayoonyesha PostgreSQL ilivyopanga na kutekeleza hoja. Jibu lilikuja baada ya dakika 4: "Mdogo wangu, umeendesha ANALYZE baada ya kuingiza hizo milioni 20? Na autovacuum iko hai?" Autovacuum ndiyo inayoendesha ANALYZE yenyewe, ili makadirio yaendane na data. Walikuwa wameizima siku ya kuhamisha data wakasahau kuiwasha. Ripoti ikarudi sekunde 2. Ila angalia: kijana alikuwa ameshafika mlangoni, alibakiza kusukuma tu. Watu watatu wazito kwenye kile kikundi walimkumbuka jina siku hiyo. Mmoja wao baadaye ndiye aliyemwita kwenye usaili. Kilichomtambulisha kilikuwa swali.

Salamu usiache. Sisi ni Waswahili. Mtu akikurupuka na kosa la SQL bila hata "habari" anaonekana amefukuzwa. Lakini salamu na swali viwe kwenye ujumbe mmoja. Usitume "Habari mkuu" saa tatu asubuhi ukasubiri hadi saa sita niitikie ndipo useme shida.

Kiingereza changu hakijanyooka. Nitachekwa.

Kwenye orodha za PostgreSQL utakuta Wajapani, Warusi, Wabrazili na Wacheki wanaandika Kiingereza cha kila umbo, na baadhi yao ndio waliojenga sehemu ulizozizoea. Sentensi fupi, toleo, mpango wa hoja, ujumbe wa kosa kama ulivyotoka. EXPLAIN haina lafudhi.

Ukishapata jibu, liandike kwa Kiswahili mahali. Hilo nalo ni mchango, na sisi ndio wenye kulifanya. Hatutarajii mtu wa Oslo atufanyie.

Sijui lugha ya C. Nitachangia nini kwenye PostgreSQL?

Vingi, na hapa ndipo wengi wanapojinyima. Toleo kubwa hutoka mara moja kwa mwaka, Septemba au Oktoba, na toleo la majaribio hutoka kati ya Mei na Juni. Chukua nakala ya mfumo wako wa mafunzo, iwashe kwenye toleo la majaribio, endesha ripoti zako mbaya kuliko zote. Kitu kikivunjika, umepata taarifa ya hitilafu ambayo watengenezaji wanaihitaji sana, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao mwenye mfumo wa mishahara wa halmashauri yenu.

Kisha kuna CommitFest, vipindi vya kupitia viraka (mabadiliko ya programu) vilivyowasilishwa, kwa desturi Julai, Septemba, Novemba, Januari na Machi. Anayewasilisha kiraka anatarajiwa naye apitie cha mwenzake. Viraka huwa vingi kuliko macho. Unaweza kukichukua kimoja, ukajaribu kama kinakubali kujengwa, kama nyaraka zake zinaeleweka, kama kinafanya kinachodai, ukaandika ulichokiona. Huhitaji ruhusa. Mchango wangu wa kwanza ulikuwa kusema kwamba sentensi moja ya nyaraka inasomeka kwa maana mbili. Kazi ya dakika 20, na siku mbili za kujishauri kama nitume.

Nikieleza makosa yangu hadharani si nitaharibu jina?

Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza kodi za waandika programu, akiwa amechoka usiku, alifuta saraka ya data akidhani yuko kwenye seva ya pili. Alikuwa kwenye seva kuu. Aliposhtuka na kusitisha, kati ya takriban GB 300 zilibaki GB 4.5. Wakageukia bakapu: zile za pg_dump, programu ya kutoa nakala, zilikuwa zinashindwa kimyakimya kwa sababu ya toleo lisilolingana, na barua pepe za kuwaonya hazikuwa zinafika. Waliokolewa na nakala ambayo mtu alikuwa ameichukua saa sita kabla kwa shughuli nyingine kabisa.

Wakafanya nini? Wakafungua waraka wa kazi kila mtu auone, wakarusha uokoaji moja kwa moja YouTube. Walipoteza takriban saa sita za data. Sijui DBA wa rika langu ambaye hakwenda kukagua bakapu zake wiki ile. Mimi nilikagua, nikakuta moja ina faili la baiti sifuri kwa miezi miwili. (Nilisema ni "hitilafu ndogo ya skripti" kwenye ripoti. Leo nasema ukweli.)

Kwa hiyo: eleza kosa, eleza ulivyogundua, eleza ulichobadilisha. Usimtaje mwenzako, usimtaje mwajiri. Kwenye mikutano yetu mada za "nilivyofanikiwa" watu wanaangalia simu. Mada za "nilivyofuta" wanaziandika.

Naweza kutuma kipande cha data ya kazini ili nisaidiwe?

Hapana. Na usiniambie "nimefuta majina" wakati namba za simu na za NIDA (kitambulisho cha taifa) zimebaki. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya na Uganda wana zao za 2019. Ukiachilia mbali sheria, mtu anayemwaga data ya wateja kikundini ili asaidiwe haraka, nani atamwajiri alinde ya kwake?

Tengeneza data ya uongo. Kwenye PostgreSQL, generate_series(1, 1000000) pamoja na random() inakupa jedwali la milioni moja kwa sekunde chache, na mara nyingi tatizo linajirudia humo humo. Lisipojirudia, umeshajifunza kitu: shida iko kwenye umbo la data yako halisi, pengine tawi moja lina nusu ya miamala yote. Majina ya majedwali nayo badilisha. Jedwali likiitwa jina la benki, umeshaitaja benki.

Mwajiri wangu hataki nitoe mada nje.

Soma mkataba wako kwanza, hasa kifungu cha usiri. Kisha omba kwa maandishi, taja mada isiyohusu mfumo wao: "jinsi ya kusoma EXPLAIN" haina siri ya mtu. Wengi wanaokataa huwa wameombwa kwa mdomo, kwenye lifti.

WhatsApp na Telegram hazitoshi?

Zinatosha kwa moto unaowaka sasa. Kwa kumbukumbu hazifai. Kwenye kikundi chetu swali la "too many connections" limeulizwa na kujibiwa mara nyingi kiasi kwamba mzee wetu mmoja anajibu kwa namba: "Rejea jibu langu la kumi na moja." Hakuna anayeweza kulipata. Tulichofanya ni kuweka waraka mmoja wa pamoja: swali, jibu, toleo, tarehe. Anayepata jibu kikundini ndiye analiandika humo, siyo aliyejibu. Wengine wamekataa masharti wakaondoka, na hatujapungukiwa.

Nataka kuanzisha kikundi mjini kwetu. Nianze na nini?

Na tarehe mbili. Ukitangaza moja, watu watasema "nitakuja ijayo" na ijayo haipo.

Kikao chetu cha kwanza walithibitisha watu 40, wakaja 9. Mimi nilitaka kulia, nimenunua chapati za 40. Lakini wale 9 walikaa saa nne, tukasogeza viti, kila mmoja akaeleza mfumo wake, na sita kati yao bado tunasaidiana hadi leo. Tangu hapo siogopi chumba kitupu. Naogopa chumba cha watu 80 ambao hawawezi kuulizana kitu.

Ukumbi usikodi mwanzoni. Omba darasa chuoni, chumba cha mikutano cha ofisi ya mmoja wenu siku ya Jumamosi, au kituo cha ubunifu. Jumamosi asubuhi inashinda jioni ya siku ya kazi: Dar jioni foleni ya Mwenge inakula nusu ya wahudhuriaji. Miji mingine inaweza kuwa tofauti. Beba mwenyewe adapta ya projekta, kebo ya kuongezea umeme, na slaidi kwenye flashi. Umeme ukikatika, endelea ubaoni. Mada niliyoelewa vizuri kuliko zote kuhusu faharasa za B-tree ilichorwa kwa chaki.

Wadhamini. Kampuni ikikupa vitafunwa, mshukuru hadharani. Ikitaka dakika 40 za kuuza bidhaa, mpe 5, mwisho kabisa. Fedha ziwe na watu wawili na daftari linaloonekana na wote, kama kikoba. Nimeona kikundi kizuri kikifa kwa sababu ya laki moja na nusu isiyo na maelezo. Haikuwa wizi hata, ilikuwa uzembe, lakini nani angeamini?

Na msiwe na mwenyekiti wa maisha.

Mimi ni mwanamke pekee chumbani. Kuna maana ya kuendelea kuja?

Dada yangu, mimi si wa kukujibu kwa uzoefu, kwa hiyo nimemuuliza mwenzetu mmoja anayesimamia Oracle kwa miaka kumi. Alisema miaka mitatu ya mwanzo kila akiingia ukumbini kuna mtu alimuuliza chai inakuja saa ngapi. Kilichombakiza ni mwandaaji mmoja aliyempa kipaza sauti kwenye kikao cha pili, mada ya kiufundi, wala siyo mada ya "wanawake na teknolojia". Anasema: nenda na mwenzako ukiweza, na uulize kabla kama kuna kanuni za maadili na nani anazisimamia. PostgreSQL walipitisha zao 2018, zina kamati ya kupokea malalamiko.

Kwa waandaaji: vikao vya usiku kwenye baa vinachagua nani aje. Hilo ni lenu kulirekebisha.

Nitafikaje mikutano ya Ulaya? Nauli sina.

Usianze na nauli, anza na mada. Mikutano mingi inawatafutia wasemaji wake angalau malazi, na barua ya mwaliko wa msemaji ina uzito ubalozini. FOSDEM ya Brussels, kwa kawaida mwanzoni mwa Februari, haina kiingilio wala kujisajili, na watu wa PostgreSQL wana siku yao Ijumaa inayotangulia. Lakini viza ya Schengen tangu Juni 2024 ni yuro 90, hairudishwi wakikunyima. Omba miezi mitatu kabla.

Au baki nyumbani. POSETTE ni mkutano wa Postgres unaofanyika wote mtandaoni, bure, na mada zinabaki YouTube. Ni kweli, hakuna chai ya korido. Ila mtoa mada huwa yupo kwenye gumzo wakati mada yake inarushwa, na hapo ni rahisi kumuuliza kuliko ukumbini, ambako kuna Mjerumani mrefu mbele yako.

Vipi vyeo kama Oracle ACE na Microsoft MVP?

Vipo, ni vya kweli, na vinatolewa kwa mchango wa nje: kufundisha, kuandika, kusaidia. MVP huangaliwa upya kila mwaka. ACE ina ngazi, zikiwemo Associate, Pro na Director. PostgreSQL haina cheo cha kampuni, ina ukurasa wa wachangiaji tu. Ukikifukuzia cheo chenyewe utaonekana. Watu wanamjua anayejibu maswali mepesi 50 ili ahesabiwe.

Watu wananigeuza dawati la msaada la bure. Nifanyeje?

Weka mpaka. Jibu la dakika 10 kikundini ni bure. "Ingia kwenye seva yetu utuangalizie" ni kazi, ina bei, na ina mkataba. Mimi husema: "Hili limekuwa kubwa, ndugu yangu, nikuandikie makadirio?" Nusu wanapotea. Nusu iliyobaki ndiyo imesomesha watoto wangu.

Nikikwama saa nane usiku, naweza kukupigia?

Piga. Ila uwe na matokeo ya df -h (nafasi ya diski) mkononi, toleo la PostgreSQL, na mistari 50 ya mwisho ya kumbukumbu za seva. Na kama uko ndani ya saraka ya pg_wal sasa hivi, toka kwanza, ndipo upige.